Kaka Hamsini na Wanane Juu ya Paa

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumai goti halikusumbui kama lilivyokusumbua mwishoni mwa mwaka. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka. Wiki hii yote nimelala na chaki kwenye nywele. Mke wangu anakusalimu sana. Nisalimie baba. Sijui kama bado amenuna kwa sababu niliacha kazi ya bohari, kwa hiyo msalimie kwa namna utakayoona inafaa.

Najua hutaki mambo ya kazi yazungumzwe kwenye simu, kwa kuwa unasema simu haina aya. Ndiyo maana naandika.

Nimepangiwa shule nyingine ya mazoezi ya kufundisha. Nina Darasa la Sita, wanafunzi hamsini na wanane, madawati ishirini, dirisha moja lisilofungika. Somo langu ni insha. Unakumbuka kwamba hii ni mara yangu ya pili. Mwaka jana mkufunzi wa chuo alikaa nyuma ya darasa dakika arobaini, akaandika mstari mmoja: "Anajua kuandika, hajui kufundisha kuandika." Nikaanguka. Atakuja tena katikati ya Mei. Nikianguka mara hii, chuo hakina mara ya tatu, na kule bohari kiti changu kina mtu. Nina miaka thelathini na mitatu, Shangazi.

Jana niliandika ubaoni "Siku Nisiyoisahau", nikawaambia waanze. Wakaniangalia. Nikasema, "Andikeni tu, jambo lolote lililowahi kuwapata." Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuanzie wapi?"

"Anzieni mwanzo."

"Mwanzo ni wapi?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Kengele ilipolia nilikusanya madaftari hamsini na manane yenye tarehe na kichwa cha insha, basi.

Ulifundisha miaka thelathini na nane. Ulikuwa ukifanyaje?

Mwanao


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne, imekunjwa mara nne kama cheti cha dawa. Barua hukunjwa mara mbili. Nimeirudisha pamoja na hii. Yaliyopigiwa mstari ni makosa, nayo ni kumi na moja. Habari ya chaki kwenye nywele si kosa, ila ni utani, na utani hauwekwi katika salamu.

Goti ni goti. Baba yako yupo. Nilimsomea salamu zako, akasema, "Mwambie nimezisikia." Nikamwuliza, "Ndiyo hayo tu?" Akasema, "Wewe ndiye mwalimu, ongeza mwenyewe." Sikuongeza. Tunaishi hivyo, watu wawili wazee katika nyumba yenye vyumba vinne, kila mmoja anangoja mwenzake azime taa ya ukumbini.

Sasa kazi. Umewapa watoto kichwa cha insha bila insha. Ni kama kumpa mtu kifungo ukamwambia avae shati. Mtoto hajui mwanzo uliko kwa sababu hajaonyeshwa. Mimi nilikuwa na insha ya mfano. Niliiandika ubaoni, wakainakili, wakaikariri, wakaiandika tena bila kutazama. Juma la tatu nilibadilisha kichwa, nao wakabadilisha maneno machache. Mwanzo, kati, mwisho, methali. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto wangu aliyetoka kwenye mtihani akiwa ameacha karatasi tupu. Walikuwa wakiniita Kiberiti nikigeuka, wakidhani sisikii. Wengi wao leo ni watu wazima wanaoweza kuandika barua ya kuomba kazi.

Wakaririshe. Huo uchovu ni wa kumsukuma punda asiyejua njia. Mwonyeshe njia kwanza.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa masahihisho. Nimekunja barua hii mara mbili. Mke wangu alikuwa na homa juma lililopita, sasa amepona. Mimi nasahihisha madaftari mpaka macho yanatoa machozi, na hapo ndipo ilipo habari yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu mlezi, huyu anayenisimamia hapa shuleni, nikamwambia nataka insha ya mfano. Alicheka. "Ulikuwa unangoja nini siku zote? Fungua kabati." Ndani ya kabati kuna faili la kijani, na ndani ya faili karatasi iliyotolewa nakala ya nakala mpaka herufi zimenenepa. "Hiyo wanaijua tangu Darasa la Nne," akasema. "Wewe waambie tu: andikeni ile."

Nikaingia darasani, nikaandika tena "Siku Nisiyoisahau", nikasema, "Andikeni ile." Shangazi, ungeona! Vichwa vyote vikainama. Kwa dakika thelathini sikusikia kitu isipokuwa kalamu. Nilibeba madaftari nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Daftari la kwanza: mama alimwonya kaka asipande paa peke yake kuziba bati linalovuja. Kaka hakusikia. Akapanda, ngazi ikateleza, akaanguka. Majirani wakambeba. Daktari akasema, "Mmemwahi." Baada ya majuma mawili kaka akawa mzima kabisa, na mwandishi akajifunza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaweka alama nzuri. Daftari la pili, kaka akapanda paa. La tatu, kaka akapanda paa. Nilisoma mpaka la hamsini na nane. Kaka hamsini na wanane walipanda paa siku moja, wakaanguka wote, na daktari mmoja akawahi wote.

Kesho yake nilimwita msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kuandika zaidi ya jina lake mpaka siku hiyo.

"Wewe una kaka?"

"Sina, Mwalimu."

"Sasa huyu aliyeanguka ni nani?"

"Ni wa insha."

Nikarudi kwenye lile faili nikaitazama karatasi vizuri. Mwandiko ule naujua. Umekuwa ukinijia katika bahasha tangu nilipokuwa na miaka saba. Nilimwuliza mwalimu mlezi aliipata wapi, akasema kwa mwalimu wake. Nilipomwambia kwamba mwalimu huyo ni shangazi yangu, alisimama wima kabla hajajua kwamba amesimama.

Baba anachechemea. Tulipokuwa watoto tuliambiwa alianguka kwa sababu ya ukaidi, na yeye alikuwa akitoka nje habari hiyo ikianza. Je, kaka wa insha ni yeye?

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mkeo amepona. Barua yako ina makosa manne. Unaendelea vizuri.

Mvua imeanza huku na tumeweka ndoo mbili ukumbini. Baba yako yupo.

Insha ya mfano ni chombo cha kazi. Seremala hahojiwi kuhusu msumeno wake. Yule mtoto amekujibu sawasawa: ni wa insha. Umesema mwenyewe kwamba vichwa viliinama na kalamu zikaandika. Mwalimu mwenye busara angeishukuru siku hiyo akaendelea. Wape vichwa vipya. Wape methali kumi. Usiwape maswali usiyoweza kuyasahihisha.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Salamu kwa baba, na kwa ndoo zote mbili.

Nimefanya ulivyosema. Niliwapa kichwa "Rafiki Yangu". Rafiki alipanda paa. Niliwapa "Mwalimu Wetu". Nilipanda paa, nikaanguka, mkanibeba, daktari akasema mmeniwahi. Niliwapa "Mnyama Ninayempenda", nikadhani sasa nimewaweza. Paka, Shangazi. Paka aliegemeza ngazi.

Nilimwonyesha mwalimu mlezi. Hakucheka hata kidogo. "Wakipata thelathini kwa hamsini wamepita," akasema. "Nina wanafunzi hamsini na wanane, na wa darasa jingine sitini. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka mmoja aanguke kutoka mahali pengine."

"Subiri ufundishe miaka ishirini," akasema, "utashukuru wakianguka popote."

Si mtu mbaya. Ana mifuko chini ya macho, na ninaanza kuiona yangu. Lakini mkufunzi anakuja tarehe 15 Mei, na huyo si wa kumpa paka mwenye ngazi.

Nimekuwa nikifikiri. Ulisema mtoto hajui mwanzo uliko kwa sababu hajaonyeshwa. Ni kweli. Ila tumewaonyesha shati lililokwisha kushonwa, limepigwa pasi, linaning'inia. Hawajawahi kumwona mtu akikata kitambaa. Hawajui kwamba mtu mzima huandika sentensi, akaiangalia, akaona ni ya uongo, akaifuta. Wanadhani sisi tunatoka na maneno yakiwa yamepangwa kama meno.

Nilijaribu kuwaandikia yangu ubaoni, siku niliyoacha bohari. Nilifuta-futa kwa makusudi ili waone. Kijana wa mbele akasema, "Mwalimu, hiyo umeipamba." Alikuwa sahihi. Mimi pia nilikaririshwa ile ya paa, Shangazi. Kila nikianza, natoka na insha.

Nakuomba kitu kimoja. Iandike siku ile kama ilivyokuwa. Kwa mkono, pamoja na kila utakachofuta. Usiniandikie nakala safi. Sitataja jina lako wala la baba. Nina majuma sita.

Mwanao


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda posta mara tatu. Kama barua haikufika, nitaiandika upya. Kama ilifika na nimevuka mpaka, nisamehe, mimi ni mtoto wenu. Nijulishe tu kwamba mko wazima.

Andalio la somo la tarehe 15 bado lina nafasi tupu mahali pa "kielelezo". Ninalibeba hivyo hivyo.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Barua ilifika tarehe 11, posta hawana kosa.

Nimekaa mezani asubuhi tisa. Sikujua kwamba kazi hii inachosha mgongo kiasi hiki. Kwa miaka thelathini na nane niliwaagiza watoto waifanye huku mimi nikitembea kati ya madawati. Nakupa karatasi yenyewe. Utaona nilipofuta na utaweza kusoma chini ya mistari. Ikiwa wino umefifia, ilikuwa hivi.

Nilianza: *Mama alimwonya kaka yangu asipande paa.* Nimefuta. Mama alimwambia apande azibe bati la pili kutoka ukingoni, ila nishike ngazi mimi, nisiondoke. Kisha akaenda zake kazini.

*Nilishika ngazi kwa muda.* Nimefuta "kwa muda". Msomaji atauliza muda gani.

*Nilishika mpaka mikono ikauma.* Nimefuta. Haikuuma.

*Nilishika mpaka nikachoka kusimama.* Hiyo nimeiacha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ndani kulikuwa na daftari lenye ukurasa niliotaka kuumaliza. Nikaingia. Nikasikia bati, kisha nikasikia kitu ambacho si bati. Sentensi hiyo si nzuri. Nilijaribu nyingine nne na zote zilikuwa nzuri kupita kiasi.

*Mguu haukupona.* Mama aliporudi nilisema kaka alipanda bila kuniita. Yeye alikuwa hospitali, hakuweza kunikanusha. Alipotoka baada ya miezi minne, habari ilikwisha kuwa hivyo na watu walikwisha kumpa pole yenye lawama.

Miaka saba baadaye, nikiwa chuoni kama wewe, mkufunzi wetu alitaka insha yenye funzo mwishoni. Mimi nilikuwa nayo tayari.

Hapo karatasi inaisha. Sikuweka methali, kwa kuwa sikupata ya kwangu.

Ni lazima ujue jambo moja zaidi, kwa kuwa limo ndani ya nyumba. Niliacha karatasi mezani nikaenda kulipia maji. Niliporudi nilimkuta baba yako amevaa miwani yangu, anasoma kwa kidole.

"Lilikuwa bati la tatu kutoka ukingoni," akasema. "Umeandika la pili."

"Hilo ndilo uliloliona?"

"Dada, nilikuwa juu. Nilikuwa naona kila kitu. Nilikuona kupitia tundu la bati, umeinama, unaandika. Nilikuita."

"Sikusikia."

"Najua hukusikia."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii. Aliifuta miwani kwa pindo la shati, jambo ambalo nimemkataza mara elfu. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unajua kusema. Mimi nilikuwa na mguu."

Kisha akarudi chumbani kwake. Jioni alikuja kula kama kawaida, akanisogezea chumvi. Sijui hiyo ni nini. Sijaitafutia jina.

Bati la pili nimelifuta, nikaandika la tatu. Utumie unavyoona.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie baba shikamoo yake naileta mwenyewe likizo ikifika. Kuna mambo nataka kumsikia akisema kwa mdomo wake, hata kama ni "nimezisikia".

Mkufunzi alikuja saa tatu kasoro robo. Alikaa nyuma, akafungua faili, akavuta mkono wa shati asionekane akitazama saa. Mwalimu mlezi alisimama mlangoni.

Niliandika ubaoni sentensi yako ya kwanza. Nikaipiga mstari katikati. Nikaandika ya pili, nikafuta maneno mawili. Nilikwenda hivyo mpaka mwisho, nikisoma kila ulichofuta na sababu yake.

"Mwalimu," akasema mmoja, "huyu aliyeandika ni mtu mzima?"

"Ana miaka sabini na mmoja."

"Na anafuta?"

"Anafuta."

Wakaangaliana. Kisha nikasikia kutoka upande wa dirisha, "Lakini hiyo ni ile yetu! Ya paa!" Wakaanza kelele. "Kumbe dada ndiye!" "Mwongo huyo!" "Si mwongo, amesema mwenyewe." "Amesema akiwa bibi!" Mkufunzi aliandika kitu. Nilijaribu kuwanyamazisha, nikashindwa. Halafu yule wa dawati la nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Alichoka tu kusimama. Hata mimi ningechoka." Darasa likatulia lenyewe.

Nikawaambia waandike, wafute watakavyo, madaftari machafu yanaruhusiwa. Wengine walikaa robo saa bila kuandika. Wawili walirudi kwenye paa. Wengine waliandika, Shangazi, wakakata, wakaandika, na kengele ilipolia hakuna hata mmoja aliyekuwa amemaliza.

Mkufunzi alinisomea ripoti uwanjani, tukiwa tumesimama juani. "Kelele nyingi. Kielelezo si safi. Hakuna insha iliyokamilika katika muda wa kipindi. Wanafunzi waliandika." Akapiga kalamu kwenye faili mara mbili tatu. "Hamsini na moja," akasema.

Pasi ni hamsini. Nimepita. Sikushangilia. Nilikwenda ofisi ya walimu nikakaa mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu. Mwalimu mlezi alikuja kunipa mkono, kisha akasema, "Umewafungua. Oktoba wana mtihani. Nani atawafunga?" Swali hilo nakuletea wewe. Analichukua darasa lake Jumatatu ya tarehe 12 Juni, nami narudi chuoni.

Nimenakili hapa chini kazi ya yule msichana wa dawati la nyuma, kama alivyoiandika, ukiacha alivyofuta. Kengele ilimkatia hapo.

*Mama yangu anafagia hospitali. Jumapili alinipeleka kazini kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Aliniambia nikae kwenye kiti cha kijani nisiguse kitu. Nilikaa. Watu walipita wengi hawakuniangalia. Niliangalia viatu tu. Halafu mlango wa chumba cha tatu ulifunguliwa akatoka mtu amevaa viatu vya baba*

Mwanao


28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji, kijana wa jirani, anayepita huko Jumatano. Posta wangeifikisha ukiwa umekwisha kuondoka. Mpe maji ya kunywa.

Hamsini na moja ni hamsini na moja. Mimi katika darasa la mkufunzi wangu nilipata tisini na mbili, na unajua kwa nini. Kuhusu Oktoba, mwenzako ana haki ya kuogopa. Sina jibu, na nisingependa ujifanye unalo. Kabla hujaondoka, kaa naye mchana mmoja umwonyeshe madaftari yale machafu, ukurasa kwa ukurasa. Niliyemfundisha kuogopa ni mimi, kwa hiyo mwambie pia kwamba nimesema hivyo.

Baba yako anasema uje na viatu imara, kwa sababu njia ya huku imeharibika. Nimemwuliza kama kuna la kuongeza. Amesema anaongeza mwenyewe ukifika.

Sasa yule mtoto. Nimesoma ukurasa wake mara tatu, kisha nikamsomea baba yako. Yeye anasema aliyetoka chumba cha tatu ni baba mwenyewe, kwa sababu mtoto hawezi kukosea viatu vya baba yake. Mimi nasema hapana: angekuwa baba, angeandika "baba". Kuna mtu amevivaa. Basi mwenye viatu yuko wapi, na mama aliyekuwa akifagia alikuwa anajua nini? Tumebishana tangu Ijumaa. Jana baba yako alikuja kunigongea mlango wa jikoni kuniambia kwamba huenda wana viatu vya namna moja, na nikamfukuza.

Darasa ni lako mpaka Ijumaa ya tarehe 9. Mtafute huyo mtoto. Usimharakishe, usimpe maneno, usimwambie mimi au baba yako tumesema nini. Lakini muulize: ni nani aliyetoka?

Shangazi yako